Jukwaa la Kutazamia Ng'ambo

Asubuhi aliyofunga kifuniko cha mwisho, Cheche alikuwa amekula viazi viwili vya kuchemsha na alikuwa na haraka, maana mawingu yalikuwa yameanza kushikana upande wa milimani. Alilala kifudifudi kwenye ubao, kichwa na mabega vikining'inia juu ya korongo, kinyago usoni, mkono wa kulia umeshika fimbo ya kuchomelea. Mbele yake ilikuwa midomo ya mihimili minne. Kila mhimili ulikuwa bomba kubwa la chuma, la mraba, lenye nafasi ndani ya kutosha mtoto kutambaa. Mitatu alikuwa ameshaiziba. Kwenye kona ya mwisho ya ule wa nne alipiga chafya, na mshono ukabaki na kijibonde kidogo, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Alikikagua, akaona hakipitishi maji, akakiacha.

Cheche lilikuwa jina la kazini lililomfuata hadi nyumbani. Hata mumewe, ambaye alikuwa kinyozi, alimwita hivyo. Alikuwa na mimba ya miezi kadhaa na hakuwa amemwambia Meneja, kwa kuwa ovaroli lake lilikuwa kubwa na Meneja hakuwa mtu wa kumtazama fundi chini ya kidevu.

Chuma chenyewe kilikuwa cha aina inayojivika nguo. Hakipakwi rangi. Kinaachwa kinyeshewe, kikauke, kinyeshewe tena, kikauke tena. Mwanzoni kinaota kutu ya rangi ya chungwa na kuchafua suruali za watu. Baadaye kutu inakaza, inageuka kahawia, na mwisho inakuwa ngozi, na chini ya ngozi hiyo chuma hakiliki. Msanifu aliyechora jengo, kijana mpole mwenye kikohozi, alikipenda chuma hicho kama watu wanavyopenda mbwa. "Nje kinajitunza," alimwambia Cheche. "Adui yake ni maji yaliyotuama. Yakiingia ndani ya bomba yakakosa njia ya kutokea, kitaliwa gizani na hakuna atakayejua. Ziba kabisa."

Cheche aliziba kabisa. Alipoinuka, matone ya kwanza yalikuwa yanagonga kinyago chake.

Mwanzo wake, jengo hilo lilikuwa daraja. Upande wa pili wa korongo kulikuwa na mtaa ulioitwa Ng'ambo, wenye nyumba nyingi, bomba moja la maji, na usio na zahanati. Mtu wa Ng'ambo aliyetaka kuja mjini alishuka hadi kivukoni, akavua viatu, akavuka kijito, kisha akapanda upande huu. Mwenye magoti mazuri alitumia asubuhi nzima. Daraja liliahidiwa hadi ahadi ikazeeka. Nguzo ya zege ilisimamishwa upande wa Ng'ambo, ndefu na imara, na juu yake likafungwa bamba la chuma la kupokelea mihimili. Watu wakaanza kuanika nguo kwenye nguzo hiyo wakati wakisubiri.

Kisha, kazi ikiwa imefika katikati, daraja likageuzwa jukwaa la mandhari. Lingetoka upande wa mjini, liishie katikati ya anga, liwekewe meza za kahawa. Sababu ilielezwa kwenye hotuba. Utafiti ulionyesha kwamba Ng'ambo hapakuwa na kitu cha kumfanya mtu avuke, ila palipendeza sana pakitazamwa kwa mbali. Waliokuwepo walipiga makofi, wakiwemo watu wa Ng'ambo waliokuja kwa miguu kusikiliza.

Kinyozi alizaliwa huko. Mama yake alikuwa bado anaishi huko, peke yake, katika nyumba aliyokataa kuihama, na magoti yake hayakuwa mazuri. Tangu Cheche aolewe, mama mkwe huyo hakuwahi kufika kwao. Walikuwa wakipungiana mikono, yeye akiwa kwenye ngazi za nyumba yake na wao wakiwa ukingoni mwa korongo, simu masikioni.

Mvua za kwanza zilinyesha wiki nzima, zikaacha, jua likawaka. Jumatatu Mlinzi wa jukwaa alimpigia Meneja simu.

"Bosi, jukwaa limeota."

"Limeota nini?"

"Limeota lenyewe. Limesogea mbele."

Meneja alikuja na futi ya kamba. Sakafu ilikuwa palepale, na vyuma vya kushikia palepale, lakini mihimili minne ilikuwa imezipita meza za kahawa na kutokeza kwenye anga kwa urefu wa mkono wa mtu mzima. Sehemu mpya ilikuwa ya rangi ya chungwa kali, yenye unyevu kidogo, kama chipukizi. Meneja aliuliza kama jambo hilo limo kwenye mkataba. Msanifu alichuchumaa, akagusa, akanusa vidole vyake.

"Hiki chuma kinaitikia hali ya hewa," alisema. "Niliandika tangu mwanzo."

"Hukuandika kwamba kitaitika kwa urefu."

Msanifu alikiri kwamba hakuandika hivyo.

Ikaamuliwa kikatwe, kwa sababu picha kwenye tiketi zilikuwa zimeshachapishwa. Cheche alipanda na mtungi wa gesi, akakata mmoja mmoja. Bomba la kwanza lilipoachia, harufu ya udongo uliolowa ilitoka ndani yake, na pale lilipokatwa palichuruzika maji safi kidogo, kisha pakakauka penyewe. Alivibeba vipande, akaziba tena midomo kwa vifuniko vipya, akaenda nyumbani. Asubuhi iliyofuata vifuniko vipya vilikuwa vimeanguka korongoni. Mahali pake vilikuwa vile vya zamani.

"Kifuniko changu kimerudi," alimwambia mumewe mchana, akiwa amesimama mlangoni mwa duka lake la kunyolea.

Mumewe alikuwa anamnyoa mteja nyuma ya sikio. "Chenye chafya?"

"Chenye chafya."

"Basi ni chako," alisema Kinyozi, akampulizia mteja nywele shingoni.

Kuanzia hapo Cheche aliajiriwa kukata kila Ijumaa. Ilikuwa kazi nzuri, ya uhakika, juu penye upepo. Wateja wa kahawa walizoea kuona cheche za moto zikidondoka korongoni na wengine waliuliza kama zimo kwenye bei ya tiketi. Vipande vilivyokatwa alipewa bure, kwa kuwa hakuna aliyejua viandikwe wapi. Alitengeneza rafu, akatengeneza benchi la kinyozi, akatengeneza meza ambayo ilichafua magauni ya majirani hadi msimu ulipoisha na kutu ikakaza. Cha mwisho alichotengeneza kilikuwa kitanda kidogo cha mtoto, chenye pande za mviringo ili mtoto asiumie. Nyumba yao ikawa na rangi ya kahawia iliyotulia, na Kinyozi alikuwa akisema kwamba akiingia humo jioni anahisi kama ameingia ndani ya mkate.

Jumamosi moja mama mkwe alipiga simu.

"Mkwe wangu, hujambo? Na mzigo hajambo?"

"Hatujambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nina swali, na usinielewe vibaya. Hiki chuma kinachokuja huku kila wiki, kwa nini unakikata?"

Cheche alikaa kwenye benchi. "Ni kazi, Mama."

"Najua ni kazi. Mwanangu naye kazi yake ni kukata. Lakini anakata nywele, haendelei hadi kichwani."

"Nimeambiwa nikate hadi usawa wa sakafu."

"Sawa. Mimi nauliza tu. Hapa kwenye ngazi ninakaa nakitazama kikija. Jumapili kinakuja kidogo, Jumatatu kidogo, mvua ikinyesha kinakuja vizuri. Ikifika Alhamisi nakuwa nimeshakizoea. Halafu Ijumaa nakuona umepanda na moto wako. Unapendeza lakini, ukiwa juu kule. Nawaambia watu, yule pale ndiye mkwe wangu."

Cheche hakumsimulia mumewe maneno hayo yote, ila alimwambia kwamba mama anasalimia. Ijumaa iliyofuata alikata kama kawaida. Ila alipomaliza alibaki amekaa pale juu, mtungi umefungwa, akitazama ngazi za nyumba ya mama mkwe na kile kijitu kidogo chenye kitambaa cha njano kikimpungia. Alijihisi kama mtu aliyekuwa anakula chakula alichopakuliwa mwingine, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, huku akishukuriwa.

Mtoto alizaliwa mvua kubwa zikianza. Alikuwa wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuuza samaki, na Cheche akaenda likizo ya uzazi. Meneja, ambaye ndiyo kwanza alijua kwamba kulikuwa na mimba, alimpongeza kwa simu na kuuliza nani atakata. Cheche alimtajia mafundi wote wa mji aliowajua. Wote walikuwa wazuri. Ikatokea kwamba wote walikuwa na mama, shangazi au nyumba Ng'ambo, na Ijumaa hiyo wote waliumwa mgongo. Ijumaa iliyofuata migongo ilikuwa nafuu, lakini gesi haikupatikana. Fundi mmoja alifika kabisa, akapanda, akavaa miwani, akautazama mhimili kwa muda mrefu, akateremka akisema kwamba yeye kwa kawaida hukata vitu vilivyokufa.

Mvua nazo zilikuwa za aina ambayo chuma hicho hupenda. Zilinyesha usiku na kukoma asubuhi, jua likawaka hadi kila kitu kikakauka, kisha zikanyesha tena. Mihimili ilikwenda. Mtu aliyekaa kwenye meza ya kahawa kwa vikombe viwili aliweza kuiona ikisogea, kama unavyoweza kuona kivuli kikisogea. Wapiga picha walikuja. Ndege walikaa juu yake na kubebwa polepole kuelekea Ng'ambo bila wao kujisumbua.

Nyumbani, kitanda cha mtoto kiliongezeka upande wa miguuni kadiri mtoto alivyoongezeka. Meza na rafu hazikufanya hivyo.

Siku mihimili ilipogusa nguzo ya zege, watu wa Ng'ambo walianua nguo zao na kusogea pembeni ili kuipisha. Ililala juu ya bamba, sawasawa kama ilivyochorwa kwenye ramani ya zamani, ila haikuwa na sakafu. Ilikuwa mabomba manne marefu juu ya anga, mepesi kutazama, ya rangi ya chungwa huku na ya kahawia kule. Watu walijadiliana muda mfupi. Mtu wa kwanza akaenda nyumbani kwake, akang'oa mlango wake bawabani, akaja nao kichwani, akaulaza. Jirani yake akaleta wa kwake. Kufikia mchana walikuwa wamefika katikati, kwa milango ya mbao, ya bati, mmoja wa bluu wenye kioo ambao uliwekwa pembeni ili usikanyagwe sana. Mama mkwe alitoa mlango wa chumba chake cha kulala. Alisema tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kumfungia.

Alasiri, mama mkwe alivuka. Alitembea juu ya milango ya majirani zake akiitambua mmoja mmoja, akipumzika kwenye ile aliyokuwa akiipenda. Alipofika kwenye meza za kahawa aliwasalimia wageni, akaomba kiti, akakaa kidogo kwa ajili ya magoti, kisha akamuuliza mhudumu njia ya kwenda kwa kinyozi.

Cheche alikuwa anakunja nepi. Alisikia hodi, akasema karibu, na mama mkwe akaingia kama mtu aliyetoka chumba cha pili.

"Yuko wapi?"

"Amelala, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Usimwamshe." Alimwinua mara moja, mtoto akaamka, akalia kwa ile sauti yake. Mama mkwe alimsikiliza kwa makini, kichwa upande. "Huyu ni babu yake mtupu," alisema. Kisha akakaa kwenye kiti, akalia naye, kidogo, bila kelele, akifuta macho kwa ncha ya nguo ya mtoto. Kinyozi alifunga duka mapema. Walikula pamoja, na mama mkwe akasema chumvi imezidi, na kila mmoja akafurahi sana.

Siku ya tatu Meneja alikuja nyumbani na Msanifu. Walikalishwa kwenye benchi. Mama mkwe alikuwa chumbani na mtoto, anamwimbia.

"Sikutaka kukusumbua ukiwa likizo," Meneja alisema. "Lakini unajua hali. Kwenye karatasi lile ni jukwaa. Jukwaa halifiki mahali. Likifika mahali linakuwa daraja, na pesa za daraja zilishafungwa, na Ng'ambo kwenye ramani mpya ni eneo la kijani. Huwezi kujenga daraja la kwenda kwenye rangi ya kijani." Alisema hivyo bila ubaya, alionekana kama mtu ambaye hajalala. "Panda mara moja tu. Kata pale mwisho, kwenye nguzo."

"Ni nani mwingine amekataa?" aliuliza Kinyozi.

"Wote wanaumwa mgongo."

Cheche alisema atakwenda kuangalia. Alivaa ovaroli, likambana kifuani kwa sababu ya maziwa. Alitembea juu ya milango akiwa na mtungi begani, na watu waliokuwa wanavuka na ndoo na magunia walimpisha, na kupishwa huko kulimuuma kuliko kama wangemtukana. Alipofika kwenye nguzo alipiga magoti. Mihimili ilikuwa imelala juu ya bamba, lakini haikuwa imeshikana nalo. Kati ya chuma na chuma kulikuwa na uwazi wa unene wa ukucha, na ndani ya uwazi huo maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yamekaa. Aliyafuta kwa kitambaa. Alikitafuta kile kijibonde cha chafya, akakipata, akaweka kidole.

Kisha akawaomba watu wa Ng'ambo waya wa umeme. Wakamletea kutoka nyumba ya tatu, na mtu mwingine akaleta mashine yake ya kuchomelea, akiibeba kwa mgongo wake mwenyewe, ambao ulikuwa umepona.

Alichomelea hadi jua likapinda. Alizungusha mshono pande zote nne za kila mhimili, taratibu, bila kupiga chafya, na alipomaliza hapakuwa na mahali ambapo hata tone lingejificha. Maziwa yalikuwa yamelowesha ovaroli. Alirudi kwa Meneja, aliyekuwa anamsubiri kwenye meza za kahawa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umekata?"

"Nimechomelea. Palikuwa na maji yametuama."

Meneja alimgeukia Msanifu. Msanifu alikohoa, akatazama mihimili yake, ambayo sasa ilikuwa imefika mahali.

"Ikishachomelewa hivyo," alisema, "ukikata unafungua tumbo. Maji yataingia. Siwezi kusaini hilo."

Meneja alimaliza kahawa iliyobaki kikombeni. Alimwambia Cheche kwamba hakuna tena kazi ya Ijumaa. Cheche alisema anaelewa, akaenda kunyonyesha.

Ofisi ilikutana na kulimaliza suala hilo bila ugomvi. Jengo lilibaki jukwaa. Mabango yalisimamishwa pande zote mbili, yakieleza kwamba hapa ni mahali pa kutazama mandhari na kwamba kuvuka hakuruhusiwi. Aliyetoka upande mmoja akatokea upande wa pili angehesabiwa kuwa ametazama, mradi awe amesimama katikati na kutazama kweli. Mlinzi alipewa jukumu la kuhakikisha. Ng'ambo ilibaki ya kijani kwenye ramani, bomba la maji lilibaki moja, na zahanati haikutajwa. Watu wa huko hawakulipwa fidia ya milango yao, kwa kuwa ofisi haikuwa imeagiza sakafu. Walitundika mapazia na kuendelea.

Mlinzi alikuwa mtu wa kazi. Asubuhi watu walikuja na vikapu, na mikokoteni, na watoto wenye homa wakipelekwa hospitali, na kila mmoja alipofika katikati alisimama na kugeuza uso kuelekea bondeni.

"Umetazama?" Mlinzi aliuliza.

"Nimetazama."

"Pita."

Mama mkwe alivuka siku tatu kwa wiki, na siku nyingine Cheche alimpelekea mtoto. Cheche naye alikuwa na kazi nyingi sasa, za mageti na madirisha Ng'ambo, na hakuwa na haja ya kupanda juu penye upepo. Mama mkwe ndiye pekee aliyekuwa akimjibu Mlinzi kwa kirefu. Alimweleza kwamba moshi wa nyumba fulani umechelewa leo, kwamba kijito kimepungua, kwamba pale chini kuna mbuzi wa mtu amenasa. Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia apite, na akatuma mtu kumnasua mbuzi.

Misimu ilivyopita kutu ilikaza, na rangi ikawa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kahawia iliyokolea, hata mgeni asiweze kuonyesha ni wapi mafundi waliachia na chuma kikaendelea chenyewe. Suruali za watu hazikuchafuka tena.

Mlinzi naye alikuwa wa Ng'ambo. Jioni, meza zikiwa zimefutwa na viti vimepandishwa juu yake, alivua kofia ya kazi, akachukua mfuko wake wa chakula, akaanza kwenda nyumbani. Hapakuwa na mtu mwingine juu ya jukwaa. Alipofika katikati alisimama, akageuka, akatazama kwa muda unaotakiwa. Kisha akapita.